Kwa Nini Mzee Wangu Hakuzima Lori

Januari iliyopita binamu yangu alinitumia video ya sekunde kumi na mbili kutoka Winnipeg, Kanada. Yuko huko mwaka wa nne sasa, anaendesha malori ya masafa marefu. Kwenye hiyo video kuna uwanja wa kuegesha, giza, theluji imerundikana kila mahali, na mbele ya kila lori kumetoka waya mweusi unaoingia kwenye nguzo fupi yenye soketi. Malori kama ishirini hivi, yote yamechomekwa kwa stima.

Nikamuuliza, "Kwani hizo ni za umeme?"

Alicheka hadi akakohoa. "Wacha hizo. Ni dizeli. Tunazipasha. Usipochomeka usiku, asubuhi huna kazi."

Nikanyamaza. Si kwa sababu ya kuchekwa, hiyo nimezoea. Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka Timboroa, na kazi ambayo mzee wangu alipoteza ju ya injini ambayo hakuizima usiku mmoja mwaka 2009.

Wenye mmekuwa hapa kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Injinia nusu. Nilitoka na madeni, fizikia kidogo, na hii tabia ya kuchimba kitu hadi mathe aje kuzima taa. Basi hii nimeichimba miezi miwili. Vuta kiti.

Lazima tuanze na dizeli yenyewe, la sivyo hautaelewa kwa nini watu wamekesha kwa baridi miaka mia moja. Gari la petroli lina spaki plagi. Cheche inaruka, mafuta yanashika, mnaenda. Dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alikuja na wazo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linakaa uongo: bana hewa hadi ipate moto yenyewe. Umewahi kujaza baiskeli upepo kwa nguvu kisha ukashika pampu pale chini? Inachoma. Sasa chukua hewa ya silinda nzima uiminye hadi ibaki sehemu moja tu kati ya 16 au zaidi ya nafasi iliyokuwa nayo. Joto linapita digrii 500. Nyunyiza mafuta hapo ndani, yanawaka bila kiberiti. Mwaka 1897, kule Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana inageuza karibu asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za wakati huo zilikuwa zinahangaika kufika kumi.

Diesel mwenyewe hakuona lori za dizeli zikitawala barabara. Septemba 1913 alipanda meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, akaingia kulala, asubuhi hakuwemo. Kuna watu wana nadharia zao kuhusu hilo na mimi nina zangu, lakini si leo.

Shida iko hapa. Moto wote unatokana na kubana, na ile hewa inabanwa ndani ya chuma. Chuma kikiwa na baridi kali, kinanyonya lile joto kabla mafuta hayajashika. Ili ubane vizuri lazima injini izunguke haraka, ju ukibana polepole hewa inavuja kando ya pistoni. Lakini kwenye baridi oili inakuwa nzito kama uji wa jana, injini haitaki kuzunguka. Anayeizungusha ni stata, na stata inakula kwa betri, na betri ikifika kama digrii 18 chini ya sufuri inabaki na karibu nusu tu ya nguvu yake. Kwa hivyo siku unayohitaji betri sana ndiyo siku iko dhaifu zaidi. Kisha mafuta yenyewe: dizeli ina nta ndani yake, na ikipoa sana ile nta inaanza kujitenga, inaziba filta. Kama unapaka mafuta ya nazi unaijua hii tabia. Julai Nairobi unageuza chupa hakuna kitu kinatoka. Fikiria hivyo, lakini kwenye tangi la lita 400.

Kwa hivyo kuwasha dizeli kwenye baridi ni kuvunja mzunguko: ili ipate joto lazima iwake, na ili iwake lazima iwe na joto. Mtu wa nje lazima alete joto la kwanza. Historia yote ninayokuambia hapa ni ya huyo mtu wa nje.

Mwanzoni alileta moto wa kweli. Kulikuwa na injini ndugu ya dizeli ambayo haikubani hewa sana, ikategemea kichwa cha chuma kilichopashwa hadi kiwe chekundu. Trekta maarufu ya aina hiyo ni Lanz Bulldog ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1921. Mkulima alikuwa anaamka, anawasha taa ya kuchomelea, anaielekeza kwa uso wa trekta, anasubiri dakika kadhaa, kisha anachomoa usukani. Ndio, usukani. Unachomeka ubavuni, unazungusha gurudumu zito kwa mkono, na ukikosea trekta inawaka ikizunguka kinyume, inaenda nyuma. Nilicheka nikisoma hiyo, halafu nikafikiria msee amesimama saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Januari na moto mkononi, kila siku, maisha yake yote. Sikucheka tena.

Wamarekani walipata njia ya kuchekesha zaidi. Caterpillar walipoleta trekta yao ya kwanza ya dizeli mwaka 1931, injini ilikuwa kubwa sana kwa stata na betri za enzi hizo. Wakafanya nini? Wakaweka injini ndogo ya petroli ubavuni mwa ile kubwa. Unawasha ndogo, ndogo inazungusha kubwa. Waliiita farasi mdogo. Mwanzoni nilidhani ni ujinga, injini ya kuwasha injini, hadi nilipoelewa ujanja wenyewe: zote mbili zinatumia maji yale yale ya kupoza. Ukiiacha ile ndogo ingurume dakika chache, maji yake ya moto yanazunguka ndani ya ile kubwa. Na moshi wake wa moto unapitishwa kando ya njia ya hewa ya ile kubwa. Inazungusha na kupasha kwa pamoja. Mtu aliyefikiria hiyo anafaa sanamu.

Hizo Caterpillar ndizo zilizokwenda Alaska.

Hii sehemu hakuna mwalimu alinifundisha, na nadhani wewe pia. Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor. Marekani ikashtuka: Alaska iko mbali, na hakuna barabara ya kufika. Machi 1942 jeshi likaanza kukata barabara kupita Kanada, kutoka Dawson Creek hadi Alaska, karibu kilomita 2,400 za msitu, matope, mito, na ardhi iliyoganda chini kwa chini. Walimaliza njia ya kwanza mwezi wa kumi mwaka huo huo. Wanajeshi zaidi ya 10,000. Karibu theluthi moja walikuwa Weusi, kwenye vikosi vyao vya kubaguliwa, wengi wao vijana kutoka majimbo ya kusini ambao hawakuwa wamewahi kuona baridi ya namna ile. Wakubwa wa jeshi hawakutaka kuwapeleka kabisa. Walipowapeleka, kuna vikosi vya Weusi vilivyoambiwa mashine zao nzito ziende kwa vikosi vya wazungu, wao wakabaki na mashoka, misumeno na sepetu.

Lakini kikosi cha 97 kilikuwa na tingatinga. Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, Koplo Refines Sims, kijana Mweusi, alikuwa anasukuma miti akitoka upande wa Alaska kwa tingatinga la dizeli. Miti mbele yake ikaanza kumwangukia. Akarudi nyuma haraka. Kutoka upande wa pili likatokea tingatinga lingine, juu yake Alfred Jalufka, askari mzungu wa kikosi cha 18. Barabara ilikuwa imekutana. Kuna picha yao wamesimama juu ya mashine wakipeana mikono, ilienda dunia nzima.

Picha haionyeshi kilichofuata. Barabara ilifunguliwa rasmi Novemba, na baridi ya mwaka huo ilikuwa mbaya hata kwa wenyeji. Kikosi cha 97 kilibaki huko. Malori na tingatinga hazikuzimwa. Ziliachwa zikiunguruma usiku na mchana, kwa sababu ukizima hukuwa na uhakika wa kuiwasha tena. Na injini isiyozimwa inahitaji mtu. Mtu wa kuongeza mafuta, wa kuangalia oili, wa kuamka saa nane usiku kusikiliza kama mlio umebadilika. Mtu huyo alilala kwenye hema la turubai. Nakuuliza tu ufikirie: injini ilikuwa na joto, yeye je?

Wakati huo huo, upande wa pili wa dunia, jeshi la Ujerumani lilikuwa limeshajifunza somo lile lile vibaya. Waliingia Urusi Juni 1941 wakidhani vita vitaisha kabla ya theluji. Desemba wakajikuta nje ya Moscow, joto likishuka chini ya digrii 30 hasi, wengi bado kwa sare za kiangazi. Magari na vifaru vyao vingi vilikuwa vya petroli, na petroli pia haikupona: oili ikaganda, betri zikafa. Askari waliwasha moto wa kuni chini ya injini. Wengine waliacha injini zingurume masaa mengi hadi zikala mafuta ya kupigania. Hapo ndipo nilipata kitu kilichonifurahisha kweli. Baadaye vifaru vyao viliwekewa mabomba ya kuunganisha mfumo wa maji wa kimoja na wa kingine, ili kilichowaka kimpe mwenzake maji ya moto. Sisi tunachangiana betri kwa nyaya. Wao walichangiana maji.

Warusi hawakuwa na uchawi, walikuwa tu wanajua wanakoishi. Kifaru chao cha T-34 kilikuwa cha dizeli, na mbele, karibu na miguu ya dereva, kulikuwa na mitungi miwili ya hewa iliyobanwa. Stata ikikataa, unafungua mtungi, hewa inakwenda moja kwa moja kwenye silinda inasukuma pistoni. Hewa haigandi kama betri. Na madereva wa malori yao walikuwa na desturi moja: jioni unamwaga maji yote ya rejeta, ju yakiganda ndani yanapasua chuma, asubuhi unachemsha mapya kwa ndoo unamimina. Marubani wa ndege ndogo kule Alaska na Kanada walifanya vivyo hivyo kwa oili. Wanaimwaga ikiwa bado moto, wanalala nayo karibu na jiko, asubuhi wanairudisha. Yaani oili inalala ndani ya nyumba kama mtoto.

Kisha kuna Kolyma. Kaskazini mashariki ya Siberia, barabara ya karibu kilomita 2,000 kati ya Magadan na Yakutsk. Ilianza kujengwa mwaka 1932 na wafungwa wa Stalin, na wengi walikufa hapo hapo kazini, hadi watu wanaiita Barabara ya Mifupa. Inapita karibu na Oymyakon, mahali palipopimwa digrii 67.7 chini ya sufuri mwaka 1933. Huko hata leo kuna madereva ambao hawazimi lori majira yote ya baridi. Wanaifunga boneti kwa blanketi nzito. Ikizimika, wanaweka moto wa taa ya kuchomelea chini ya sufuria ya oili, chini kabisa ya injini yenye mafuta, na wanaomba Mungu.

Njia moja ya kukwepa maji kuganda ni kutokuwa na maji. Wacheki walitengeneza lori la Tatra 111, silinda 12, dizeli, linalopozwa na upepo peke yake. Hakuna rejeta. Lilianza kutengenezwa mwaka 1942 nchi yao ikiwa chini ya Hitler, likaendelea hadi 1962, na baada ya vita mengi yalipelekwa Siberia. Madereva wa huko waliyapenda. Miaka ya sabini Wasovieti walipokuwa wanajenga reli ya BAM kupita Siberia, waliagiza malori kama 9,500 ya Magirus-Deutz kutoka Ujerumani Magharibi, katikati ya vita baridi, kutoka kwa adui kabisa. Nayo yalikuwa ya kupozwa na upepo. Siasa ni siasa, lakini asubuhi lazima lori liwake.

Sasa, ule waya wa binamu yangu.

Grand Forks, North Dakota, Marekani. Januari huko digrii 30 hasi si habari ya gazeti. Kulikuwa na msee anaitwa Andrew Freeman, meneja wa ushirika wa umeme wa vijijini. Amechoka na gari kutowaka asubuhi. Akachukua kipande cha bomba la shaba alilookota na koili ya ndani ya pasi. Pasi ya nguo, ile ile. Akatengeneza bolti yenye uwazi ndani, koili imo, akachomoa bolti moja ya kichwa cha injini akaweka yake hapo. Unachomeka kwa soketi, bolti inapata moto, chuma chote kinapata moto, maji hayagandi. Alianza nayo mwaka 1946, akapewa hakimiliki tarehe 8 Novemba 1949.

Ndio hivyo tu. Baada ya taa za kuchomelea, injini za kuzaa injini, moto wa kuni, mitungi ya hewa na vijana wa kukesha, jibu likatoka kwa pasi.

Lakini usikimbie kusema "jamaa alikuwa jiniasi" halafu tuende nyumbani. Angalia alikuwa anafanya kazi wapi. Miaka kumi na tano tu kabla ya hapo, wakulima wengi wa Marekani hawakuwa na stima. Serikali ya Roosevelt iliunda shirika la umeme vijijini mwaka 1935, ikakopesha vyama vya ushirika, nyaya zikafika mashambani. Bila hizo nyaya, bolti ya Freeman ni chuma tu. Leo ukienda Winnipeg unakuta soketi kwa maegesho ya kazini na ya nyumba za kupanga, na magari yana kichwa cha plagi kinaning'inia mbele kama ulimi. Hita ya lori kubwa inakula kama wati 1,500, chini ya birika zingine za chai. Masaa manne ni yuniti 6 za tokeni.

Linganisha na kuacha lori lingurume. Injini kubwa ya dizeli ikiwa imesimama tu inakunywa karibu lita 3 kwa saa. Dereva wa Marekani aliyelala masaa kumi ndani ya lori alikuwa anachoma lita 30 bila kusonga hata mita. Kwa miongo mingi hakuna aliyejali, ju mafuta yalikuwa rahisi na dereva alihitaji joto la kulala. California ikaja kusema basi: kuanzia mwaka 2008 hata malori yenye vitanda hayaruhusiwi kunguruma zaidi ya dakika tano. Ila wakati huo tayari kulikuwa na hita ndogo za dizeli za kupasha kitanda na injini, zinazokunywa kidogo sana. Yaani walikataza wakiwa na kitu cha kumpa dereva badala yake. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma, na sasa mtajua kwa nini.

Mzee wangu aliendesha lori la mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba miaka kumi na moja. Kampuni sitaitaja. Lori lake la mwisho lilikuwa kuukuu, na betri zilikuwa zimechoka, na hita plagi mbili kati ya sita zilikuwa zimekufa. Hita plagi ni kile kijiti kinachopasha ndani ya silinda kabla hujapiga stata. Ndiye yule mtu wa nje, toleo dogo. Aliripoti. Aliandika kwenye kitabu cha gari mara tatu. Aliambiwa lori linawaka, kwa hivyo ni zima.

Na kweli Mombasa liliwaka. Mariakani, Voi, liliwaka. Timboroa ni juu ya mita 2,700. Usiku joto linashuka hadi digrii nne, tano, na kuna siku majani yanaamka na umande umeganda. Hewa yenyewe ni nyembamba. Najua, mtu wa Siberia akisikia digrii tano anavaa fulana. Dizeli nzima inawaka vizuri kabisa kwa digrii tano. Lakini injini iliyochoka, pistoni zinavuja, betri nusu, hita plagi mbili zimekufa, hiyo inakataa hapo. Safari moja ilikataa. Alipiga stata hadi betri zikaisha, moshi mweupe unatoka, ule moshi wa mafuta yaliyonyunyizwa bila kushika moto. Akasubiri hadi saa nne jua lipande, na lori la kumpa nguvu lije. Mzigo ukachelewa. Wakamkata mshahara.

Safari iliyofuata alilala hapo tena, kwa sababu mwili wa mtu una kikomo na ile barabara inaua. Akaamua asizime. Akaliacha lingurume kutoka saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, akaondoka, akafika Malaba kwa wakati. Aliporudi Mombasa wakapima mafuta. Zimepotea lita 26. Wakasema ameuza. Alieleza. Waliuliza ni dereva gani analala na injini imewaka, Kenya, nchi ya joto. Alifutwa wiki hiyo, na "mwizi wa mafuta" ni jina linalotembea haraka kuliko lori kati ya Mombasa na Malaba. Hakupata gari lingine. Aliuza viatu vya mitumba, kisha makaa, na sasa ana kibanda cha kurekebisha baiskeli.

Sasa nitasema kitu ambacho sijawahi kusema. Mimi pia niliamini aliuza. Nilikuwa mdogo, darasa la kwanza, nikasikia watu wazima wakiongea jikoni, na nikakua na hiyo kichwani kama ukweli. Hata nilipokuwa chuo. Karo ilipokatika nikawaza, kama hangeuza zile lita tungekuwa mbali. Kuna siku tuligombana na karibu niiseme. Sikuisema, lakini alijua nilitaka kuisema. Mtu anajua.

Kutoka saa nne usiku hadi saa moja asubuhi ni masaa tisa. Lita 26 gawanya kwa tisa. Ni lita 2.9 kwa saa hivi. Unaweza kurudi juu usome tena lori lililosimama linakunywa ngapi.

Sikuhitaji kuacha chuo kufanya hiyo hesabu. Ni ya darasa la tano. Kampuni ilikuwa na karani wa mafuta, meneja, na kalkuleta. Hakuna aliyegawanya. Ilikuwa rahisi kuamini dereva ni mwizi kuliko kukubali kwamba betri mbili na hita plagi mbili hazikununuliwa.

Nilienda kibandani Jumapili. Nikamwonyesha ile video ya Winnipeg, ile ya nyaya. Aliangalia mara tatu, akashika simu karibu na macho. Akauliza, "Na hiyo stima analipa nani?"

"Kampuni, baba."

Akatikisa kichwa polepole. Kulikuwa na kijana anasubiri tairi yake izibwe. Nikamwambia nimepiga hesabu ya zile lita. Nikamwambia masaa tisa, lita 26, nikamwambia malori ya Marekani, nikamwambia wale askari wa Alaska hawakuzima miezi mizima na hakuna aliyewaita wezi. Nilikuwa naongea haraka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize.

"Mimi nilijua ni lita ngapi," alisema. "Nilikuwa hapo."

Akamalizia kuziba tairi. Kijana alipoondoka, mzee alifuta mikono, akaomba simu tena, akaniuliza kama ile waya inaingia kwenye maji ama kwenye oili. Nikamwambia kuna za aina zote mbili. Akataka kuona ya oili.